Tonge la Mwisho la Mama Espoir

Msomaji, ulimwacha Sidonie amesimama mbele ya baraza, neno liko kwenye ncha ya ulimi. Mlango wa ghala ukafunguliwa. Komanda Pitchou akaingia na matope hadi magotini, akapita mbele ya watu wote bila kusalimia, akainama kwenye sikio la mwenyekiti.

Sasa sikia alichofanya mwenyekiti.

Mzee Placide alivua miwani. Akaifuta kwa shati lake. Akaivaa tena. Kisha akasema, sauti laini kuliko siku zote:

"Tupumzike kidogo. Tule kwanza."

Watu wakatazamana. Kula saa hii? Baraza lilikuwa limekaa tangu asubuhi ndani ya ghala la zamani la pamba, karibu na mto Mulongwe, kuamua jambo moja tu. Kesho watume watu kwenye daraja wakaongee na waasi, au wapeleke vijana wengine mbele, vita iendelee?

Bukavu ilikuwa imekwisha kuanguka. Serikali ya jimbo ilikuwa imeshuka Uvira na karatasi zake ndani ya magunia ya mchele. Nyuma ya mji ni mlima, mbele ni ziwa. Mahali pengine pa kuhamia hapakuwepo. Nusu ya wajumbe walitaka mazungumzo, nusu walitaka vita, na katikati yao alibaki Sidonie, ambaye watu wote wanamwita Mama Espoir. Mjane. Zamani alikuwa muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, leo ni mjumbe wa akina mama. Mtoto wake ni mmoja, Espoir huyo huyo, na Espoir alikuwa mstari wa mbele, kwenye tambarare ya Ruzizi.

"Mwenyekiti, nilikuwa nataka kusema neno," alisema Sidonie.

"Utasema, Mama Espoir. Kaa kwanza."

"Lakini nilikuwa nimesimama tayari."

"Kaa, mama."

Akakaa.

Chakula kililetwa. Bugali, sombe ya majani ya muhogo, na samaki wawili aina ya mukeke wa kugawana watu wote. Gracien, wakili mnene wa upande wa vita, alianza kuitania sombe yake.

"Hii sombe iko na mchanga. Waasi wakitukamata watakuta meno yetu imekwisha kuvunjika."

"Weye Gracien hawatakukamata," alijibu mmoja wa upande wa mazungumzo. "Bibi yako na batoto bako kule Bujumbura tangu mwezi jana. Weye unapigana vita na tikiti ya kuvuka mufukoni."

Watu walicheka kidogo. Kisha kicheko kikakatika chenyewe, kwa sababu walimwona Basile.

Basile alikuwa mkubwa wa upande wa vita. Mtaani walimwita Papa Chance, kwa jina la mtoto wake. Nyumba yake na ya Sidonie zilitenganishwa na ukuta mmoja. Chance na Espoir walikua pamoja, waliogelea pamoja, na siku moja walipanda lori moja kwenda mbele. Lakini tangu baraza lianze kugombana, Basile hakumsalimia Sidonie. Siku ya kwanza tu alimwita mbele ya watu wote "mama ya magoti," kwa kuwa alidhani anataka kwenda kuwapigia waasi magoti.

Na sasa Papa Chance alikuwa anakuja, beseni mkono mmoja, birika la maji mkono mwingine. Kijana aliyembebea sahani alimfuata nyuma. Sahani ilijaa. Juu ya bugali palikuwa na mukeke mzima.

Basile alipiga goti moja kwenye sakafu.

"Lete mikono, dada. Nikunawishe."

Sidonie alitazama maji. Alitazama samaki mzima. Alitazama goti la yule mwanaume mwenye kiburi likiwa kwenye vumbi la pamba.

Akaelewa.

Wewe ambaye hukuzaliwa kwetu labda hujaelewa. Kwetu mtu haambiwi msiba akiwa na njaa. Akishaambiwa hatakula tena, atakaa kwenye mkeka na maji tu, atalia hadi nguvu ziishe. Kwa hiyo wanaompenda wanamlisha kwanza. Wanamnawisha, wanamwambia kula, maliza, na hawamwambii kwa nini. Jina la marehemu halitajwi. Akishamaliza ndipo anaambiwa kwamba fulani ni mgonjwa. Mgonjwa sana. Naye anaelewa.

Sidonie alijua. Ni mara ngapi yeye mwenyewe alitumwa na kanisa, sahani chini ya kitambaa, kwenda kulisha mwanamke ambaye alikuwa bado anacheka?

Alinyoosha mikono. Maji yalikuwa ya vuguvugu.

"Asante, Papa Chance."

"Kula, dada."

Alikata tonge la kwanza. Akalimeza. Na wakati linashuka, jambo lingine likapanda kichwani mwake, baridi na wazi.

Mwenye msiba hakai barazani.

Ilikuwa desturi yao. Mama Generose alipofiwa na kaka yake, walimtoa nje katikati ya maneno yake, wakamsindikiza nyumbani, na kiti chake kilikuwa bado kitupu pale mbele. Mtu mwenye machozi haamui mambo ya watu. Akiondoka Sidonie, kura zitalingana, na zikilingana mambo yanabaki kama yalivyo: Basile na watu wake watapita. Kesho malori yatajaa vijana tena.

Alimtazama Basile. Macho ya Basile yalikuwa mekundu. Hakuwa anadanganya, alikuwa anamlilia kweli. Lakini alikuwa pia anatazama sahani, jinsi inavyopungua.

Papa Chance alikuwa na vitu viwili moyoni kwa wakati mmoja, na vyote viwili vilikuwa vya kweli.

"Maliza, dada. Usiache kitu."

"Namaliza."

Hajaambiwa. Hakuna mtu aliyesema. Ikiwa hakuna aliyesema, basi yeye bado si mfiwa. Bado ni mjumbe. Na hawawezi kusema mpaka sahani iishe.

Sidonie akaanza kula polepole.

Alimchambua yule samaki mfupa kwa mfupa. Wengine walimaliza, wakanawa. Hakuna aliyemharakisha, nani atamharakisha mtu wa namna hiyo? Pitchou alisimama mlangoni, kofia mkononi, anatazama chini. Ghala zima lilikuwa linamsikiliza mama mmoja akitafuna.

Likabaki tonge moja. Sidonie akalikata, akalifinya mkononi, hakulipeleka mdomoni.

"Mwenyekiti," akasema. "Tupige kura."

Mzee Placide alishtuka. "Maliza kula kwanza, mama."

"Nitakula huku tunapiga."

Basile akasimama. "Placide, hapana. Iko neno ya kumuambia mama kwanza. Tusimufiche mwenzetu."

"Neno gani, Papa Chance?" Sidonie aliinua mkono wake. Bugali ilikuwa kati ya vidole. "Muntu anaambiwa neno na chakula mukononi? Kwenu ndiyo munafanya hivyo?"

Basile akarudi kukaa.

Hakuna mtu katika ghala lile ambaye angethubutu. Hata Gracien alitazama dari.

"Nilikuwa nimesimama kabla mlango haujafunguliwa," Sidonie aliendelea. "Nirudi pale pale nilipokuwa. Asubuhi yote niliogopa kusema. Niliogopa juu mungesema Sidonie anataka mazungumzo juu ya mutoto wake mumoja, arudi nyumbani. Na ilikuwa kweli. Nilikuwa nataka arudi."

Sauti yake ilikuwa inaelekea kuvunjika, akaishika.

"Sasa hakuna atakayesema vile tena."

Vichwa vyote viliinama. Sasa wote walijua kwamba anajua. Na hakuna aliyeweza kumtoa nje, kwa sababu tonge lilikuwa bado mkononi.

"Bale bamama ambao batoto babo bangali bazima," alisema, "mimi ndiyo mjumbe wabo. Kesho watu waende kwenye daraja. Waongee. Wakitutukana, waongee. Wakituchekelea, waongee tu. Minye sitaki mama mwingine anawishwe mikono na Papa Chance."

"Mama Espoir," Basile alisema kwa sauti ya chini, "hata minye niko na mutoto kule."

"Najua, kaka. Na yeye pia nimemuhesabu."

Mzee Placide akauliza nani anataka mazungumzo. Mikono ikapanda, ya wale wale wa siku zote. Kisha ukapanda mkono wa kulia wa Sidonie, na tonge ndani yake, na mchuzi wa sombe unatiririka hadi kwenye kiwiko.

Mazungumzo yalipita.

Hakuna aliyepiga makofi. Sidonie alishusha mkono, akala lile tonge la mwisho, akatafuna, akameza. Akanyoosha mikono yake juu ya beseni na Basile akammiminia maji.

"Basi," alisema Sidonie. "Semeni."

Mzee Placide akaja akakaa karibu naye. "Mama, kijana ni mugonjwa."

"Mugonjwa sana?"

"Sana."

"Ako wapi?"

Placide alimtazama Pitchou. Pitchou akajibu kwa shida. "Alibaki ng'ambo ya daraja, mama. Tulirudi mbio. Tulimuona kwa mbali, kwenye majani. Ile sweta ya kijani."

Ile sweta aliifuma Sidonie mwenyewe. Uzi wa kijani ulimwishia begani, akamalizia na mwekundu. Hapakuwa na nyingine kama hiyo Uvira nzima. Espoir aliivaa hata kwenye joto, wenzake wakimcheka.

Jina halikutajwa. Hakuna aliyeuliza kama uso wake ulionekana. Maswali hayo hayaulizwi.

*

Basile ndiye aliyemsindikiza. Walitembea wawili mbele, wengine nyuma kwa mbali, wakifuata njia ya mto. Watu wa pikipiki walizima mashine walipowaona. Habari ilikuwa imetangulia, kama kawaida yake, bila jina.

"Tuliishi vibaya hizi siku," alisema Basile.

"Uliniita mama ya magoti."

"Nilikuita, ndiyo."

"Na minye nilikuita nini?"

"Jogoo ya Kavimvira."

"Ya Kavimvira, eh. Ile inayowika mpakani halafu inarudi kulala."

Walicheka, na kicheko cha Sidonie kikageuka kuwa kitu kingine katikati, Basile akamshika mkono asianguke.

"Chance ako salama?" aliuliza alipopata pumzi.

"Pitchou hajamuona tangu jana. Walitawanyika. Lakini Chance unamujua, tangu zamani kazi yake ni kukimbia. Atatokea tu na njaa yake." Akafuta macho. "Akifika nitamuleta aje akulilie. Walikuwa kama mapacha."

"Ndiyo. Aje."

Kwenye kiwanja cha Sidonie viti vilikuwa vimekwisha kutolewa nje. Hata kochi kubwa lilikuwa chini ya paa la jiko. Akina mama walikuwa wamefagia, wamekaa kwenye mikeka, vitenge mabegani, kimya. Kilio hakianzi mpaka mama mwenyewe afike. Walipomwona kwenye lango, wakaachia kwa pamoja, sauti ikapanda mpaka kwenye mlima na kurudi.

Naomie, mke wa Espoir, alikuwa amesimama mlangoni. Tumbo lake lilikuwa la miezi ya mwisho. Hakuwa analia. Macho yake yalikuwa makavu kabisa, yamefunguka sana.

Hawajamwambia, alifikiri Sidonie. Mungu wangu, wameniachia mimi.

Akajifuta uso. Akaenda jikoni, akaomba sahani, akachukua birika na beseni. Kisha akamshika yule binti bega, akaingia naye chumbani, akasukuma mlango kwa kisigino.

"Kaa, mwanangu. Kula kidogo."

"Mama, usinipe hiyo."

"Kula kwanza. Kwa sababu ya mutoto aliye tumboni."

"Mama." Naomie alishika mkono wake kwa nguvu. "Hiyo chakula haiko yangu. Na haikuwa yako."

Alivuta pazia la nyuma, pale wanapoweka magunia ya makaa.

Kati ya magunia alikaa mtu. Kitenge cha mwanamke kichwani, fulana imechanika, uso mweusi kwa vumbi la makaa, meupe ni macho tu.

"Mama," alisema Espoir.

Sidonie hakupiga kelele. Aliweka sahani chini taratibu sana, kama mtu anayeweka yai. Akamwendea. Akampiga kofi. Kisha akakishika kile kichwa kwa mikono miwili, akakinusa, utosini, kama alivyokuwa anamnusa kijana alipokuwa mtoto mchanga.

"Ni weye?"

"Ni minye, mama."

"Sema tena."

"Ni minye."

Huko nje kilio kilikuwa kinaendelea. Walikuwa wanamlilia huyu.

"Alifika saa sita," Naomie alinong'ona. "Alipita kwenye miwa ya Kiliba, akafuata maji mpaka hapa. Halafu bamama wakaanza kuingia na kutoa viti. Nikaelewa wanamaanisha nani. Ningesema nini, mama? Vijana ba Komanda Pitchou walikuwa tayari kwenye lango."

Naam, msomaji. Mwezi uliopita baraza lilikuwa limeamua jambo lingine: anayekimbia mstari wa mbele ni adui, na risasi yake ni moja. Uamuzi ule ulipita bila mabishano. Waliinua mikono wote. Sidonie naye aliinua, mkono huu huu wa kulia. Alifikiri Espoir si kijana wa kukimbia.

Na mazungumzo yanaanza kesho. Usiku huu, sheria ile ilikuwa bado sheria.

Furaha ya Sidonie ilikuwa bado haijafika hata kwenye miguu alipoona kitu kilichokosekana.

"Sweta iko wapi?"

Espoir alivuta kitenge usoni.

"Espoir. Sweta yangu iko wapi?"

"Alikuwa na homa, mama." Midomo yake ilianza kucheza. "Alikuwa anatetemeka usiku kucha, meno yanagongana. Nikamuvalisha. Asubuhi walituingilia. Nilimuvuta mkono, nikamuvuta... Alikuwa mzito tayari. Nikamuacha. Mama, nilimuacha kwenye majani nikakimbia."

"Nani?"

Aliuliza, lakini alijua. Swali lilitoka tu lenyewe.

"Chance."

Sidonie alikaa chini kwenye makaa.

Na wakati huo huo, kupitia dirisha, sauti moja nzito ya kiume ilipanda juu ya sauti zote. Ilikuwa inaita, "Espoir, mutoto wangu, Espoir, ungeningoja minye niende kwanza." Basile alikuwa amekaa kwenye mavumbi mbele ya nyumba, karibu na moto ambao wanaume walianza kuwasha. Alikuwa anamlilia mtoto wa jirani kwa machozi ambayo yalikuwa ya mtoto wake mwenyewe, naye hakujua.

"Ni Papa Chance ile?" Espoir alifunika masikio.

"Ni yeye."

"Ananililia minye?"

"Alininawisha mikono," alisema Sidonie. "Alipiga goti mbele ya baraza lote akaninawisha."

Naomie alimkamata kitenge. "Mama, usitoke kwanza. Fikiri. Ukimwambia, atauliza umejua vipi. Atauliza sweta ilitoka wapi. Vijana wataingia humu. Ngoja kesho. Kesho watu waende kwenye daraja, mambo yapoe, ndiyo umwambie."

Naomie alisema kweli. Na kulikuwa na jambo zaidi, ambalo Naomie hakulijua. Gracien atasema nini akisikia kwamba Espoir ni mzima? Atasema Mama Espoir alijifanya mfiwa, alicheza na msiba mbele ya baraza kushinda kura. Atadai kura irudiwe. Na yeye Sidonie angejibu nini?

Angoje kesho, basi. Usiku mmoja tu wa kunyamaza. Amwache Papa Chance alie kwa jina lisilo lake, na kila akisema "Chance atatokea tu," aitikie kwa kichwa.

Aliisikia tena ile sauti nje. Ilikuwa inaanza kukauka.

"Amekula leo?" aliuliza Sidonie.

"Nani?"

"Papa Chance. Kwenye baraza hakugusa kitu. Samaki wake ndiyo alinipa."

Naomie alielewa, akaanza kulia kwa mara ya kwanza siku ile, mkono mdomoni.

Sidonie aliinuka. Akapangusa makaa kwenye kitenge chake. Alimvuta Espoir nyuma ya magunia, akarudisha pazia, akalinyoosha. Akachukua sahani. Akachukua birika na beseni.

Alipotoka, kilio kilipungua. Watu walishangaa. Mfiwa anatembea na chakula? Mama mmoja alinyanyuka amsaidie, Sidonie akamzuia kwa macho. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya mlima na uso wa ziwa ulikuwa bado una mwanga. Pitchou na vijana wake walikaa kwenye ukuta, bunduki magotini.

Alifika mbele ya Basile, akapiga goti.

"Mama Espoir, unafanya nini?" Basile alijaribu kumwinua. "Leo ni sisi tunakuhudumia weye. Kaa kwenye mkeka. Rudisha hiyo."

"Lete mikono, Papa Chance."

"Siko na njaa, dada."

"Hata minye sikuwa nayo. Lete mikono nikunawishe."

Aliinyoosha tu kwa heshima, bila kufikiri. Maji yakaanguka juu ya vidole vyake vinene. Sidonie alimnawisha polepole, mkono wa kulia, mkono wa kushoto, na hakumtazama usoni.

Basile aliyatazama maji. Akaitazama sahani. Akaitazama mikono ya Sidonie, na makaa meusi yaliyokuwa kwenye kucha.

Alikuwa mtu wa hapa. Alizaliwa hapa, alizika hapa.

Uso wake ulibadilika taratibu, kama nyumba ya udongo maji yanapoingia chini yake, bado imesimama lakini wewe unaona haitasimama.

Hakuuliza kitu. Alikata tonge, akalifinya, akalishika. Hakulipeleka mdomoni.

"Bado nakula," alisema Basile. Sauti yake haikuwa sauti. "Watu wote wasikie. Bado nakula. Muntu asiniambie kitu."

"Hakuna atakayekuambia," alisema Sidonie, na machozi yake yakaanguka ndani ya beseni. "Kula polepole, kaka."

Wakakaa hivyo, wawili, magoti yao yanakaribia kugusana. Wanawake wazee waliona na wakaelewa nusu, wakaacha kulia. Kiwanja kizima kikanyamaza. Ulisikia moto tu, na maji ya mto.

Ndani ya ukimya ule, ndani ya nyumba ya msiba ambamo hamkuwa na mtu ila binti mmoja mwenye mimba, mwanaume akakohoa.

Vumbi la makaa. Alikohoa mara moja, akajaribu kuzuia, akakohoa tena.

Pitchou aliruka kutoka ukutani. Bunduki ilikuwa mkononi.

"Nani huyo ndani?"

Naomie alitokea mlangoni na tumbo lake, akashika miimo yote miwili ya mlango.

"Papa Chance," Pitchou aliita bila kugeuka, "umesikia? Weye ni mkubwa hapa. Nani iko mule ndani?"

Basile alikuwa amesikia. Kikohozi kile alikijua. Alikisikia kupitia ukuta wa jirani tangu kijana yule akiwa wa kubebwa mgongoni, na kila kilipoanza, kingine kilikuwa kinakijibu upande wake wa ukuta, kwa kuwa wale wawili waliugua pamoja. Alingoja. Cha pili hakikujibu.

Alimgeukia Sidonie. Sasa alijua kila kitu, bila mtu kumwambia hata neno.

Neno moja lake lingetosha, Espoir angetolewa nje kwa ile sheria ya risasi moja. Tonge lilikuwa limeanza kumomonyoka kati ya vidole vyake.

Papa Chance alifungua mdomo, na pale kiwanjani hakuna aliyejua kama ni kwa kula au kwa kusema.